Kikuba cha Mwezi wa Tisa

Kabla hamjanipa heshima nisiyostahili, vijana wangu mnaoanza kazi ya maua, mjue kwamba sijawahi kuwa na bustani. Nimeuza maua hapa Toronto tangu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mpaka magoti yaliponiomba talaka, na muda wote huo nimeishi ghorofani Crescent Town, juu kabisa, ambako udongo pekee ni ule unaoletwa na viatu vya wageni. Mimi ni mtu wa ndani. Nipe kiti changu, chai ya rangi na redio ya sauti ya chini, utanikuta hapohapo Jumatatu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kusimama uwanjani kwenye upepo na kuwaelekeza wenye viwanja wapande nini. Kidato cha nne changu kilinifundisha sehemu zote za ua, na hadi leo naikumbuka moja: bua.

Dada yangu wa Morogoro aliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza vitunguu vya maua. Ukoo mzima ukapata habari kwamba kaka yao amevuka bahari kwenda kuuza vitunguu. Niliacha kubisha. Hata mke wangu, Mama Neema, akitaka kunikata maini mbele ya watu husema, "Mwulizeni Bwana Vitunguu."

Nataka niwaeleze habari ya maua yanayochelewa, yale yanayochanua joto linapoanza kuondoka na majani ya miti kugeuka, jirani akiwa ameshatundika mpira wa maji na kutoa reki. Ni maua magumu kuuza. Mteja anakuja dukani mwezi wa nne, ametoka kwenye theluji, ana njaa ya rangi. Anataka kitu kilichochanua sasa hivi, akiweke mlangoni leo. Ukimwambia anunue kitunguu kikavu chenye sura ya kiazi kilichosahaulika kabatini, halafu angoje mpaka Septemba, anakutazama kama tapeli.

Aliyenifundisha kuwauzia watu wa namna hiyo ni mwenye duka mwenyewe, Bwana Sadru, Mwismaili aliyezaliwa Iringa, mwenye Kiswahili kinachonishinda mimi. Wiki yangu ya kwanza alinisikia namwuliza mteja, "Unapenda rangi gani?" Akanivuta nyuma ya magunia ya mboji.

"Baba Neema, yule mama ana macho?"

"Anayo, bwana."

"Basi rangi atachagua mwenyewe. Wewe mwulize anataka kulitazama ua lake siku gani. Rangi iko kwenye picha ya boksi. Siku haiko kwenye boksi."

Nimelibeba neno hilo kazi yangu yote. Mtu anayesafiri Agosti nzima usimwuzie gladiola zitakazochanua hakuna mtu nyumbani. Mwambie azipande kwa awamu, kidogo leo, kidogo baada ya wiki mbili, ili zisichanue zote siku moja kama wanafunzi wanaotoka darasani. Anayetaka rangi ndefu mpe dahlia, akate ncha ya mche ukiwa bado mfupi. Atalia kidogo, lakini mche utatoa matawi mengi na maua mpaka umande ulioganda uyachome. Anayetaka majirani wasimame mpe kana, yenye majani kama migomba. Kila Mtanzania akiiona lazima aulize kama inazaa. Na yupo yule aliyechelewa kabisa, anaingia mwisho wa Agosti akiona aibu. Huyo mpe lile ua la zambarau linalotoka ardhini bila jani hata moja. Bwana Sadru aliliita ua lisilo na shati. Atalipanda leo na wiki chache baadaye litakuwa wazi. Ila mwonye kwa sauti kwamba ni sumu. Nililipeleka nyumbani siku moja nikaliweka karibu na jiko, Mama Neema akashika kisu akitafuta kitunguu cha mchuzi. Sijawahi kuinuka kwenye kiti haraka vile.

Na mkichagua, bonyezeni. Kama parachichi, isipokuwa hapa mnataka gumu. Kitunguu kizuri ni kizito mkononi kuliko kinavyoonekana. Kikiwa chepesi kimekauka ndani, kikiwa laini kimeoza, na kikiwa na chipukizi refu jeupe kimechoka kungoja boksini na kitawachosha na ninyi.

Sasa nije kwenye kosa letu. Nasema letu kwa sababu sijaona Mkanada akilifanya. Sisi tumelelewa na mvua. Mvua ya kwanza ikigonga bati, nyumba nzima inatoka na majembe, maana anayechelewa anavuna mabua. Basi ukimleta mtu kama huyo Toronto, akaona Aprili mawingu mazito, mvua ya siku tatu, ardhi nyeusi inang'aa, mikono inaanza kumwasha. Mwaka wangu wa kwanza mimi mwenyewe nilijaza mapipa yote ya mlangoni pa duka kwa kana, mvua inaninyeshea, najiona hodari. Bwana Sadru akafika na mwavuli wake.

"Umepanda mahindi, Baba Neema?"

"Mvua imeanza, bwana."

"Hii si masika. Hii ni theluji inaaga."

Nilizifukua kwa mikono. Udongo ulikuwa baridi kama ndani ya friji. Tangu siku ile kipimo changu cha kupanda ni kimoja, na ni cha mtu wa ndani: Mama Neema akiacha mlango wa roshani wazi jioni nzima na mimi nisilalamike, udongo uko tayari. Kwa kawaida ni mwisho wa Mei. Nikidai blanketi, bado.

Kumbukeni kipimo hicho, maana ndicho alichokipuuza Bi Rehema.

Alikuja mwanzoni mwa Aprili, mama wa makamo, baibui na juu yake koti la baridi, akizunguka meza ya vitunguu akijisemea kwa Kiswahili cha Tanga. Nikamwambia, "Karibu dada, hapo unapotazama ni gladiola."

Akashika kifua. "Kumbe wewe ni wetu! Na mimi hapa nusu saa nazunguka naunda Kiingereza!"

"Kilikuwa kinakwenda vizuri?"

"Nilifika 'excuse me' nikakwama." Akacheka, kisha akawa mtu wa kazi. "Kaka, nataka asumini."

Nikamweleza kwamba asumini za kwenye vyungu zimekwisha kuchanua, na Septemba hatapata ua.

"Kwa hiyo hamna?" Sauti ilishuka. "Binti yangu Salha anaolewa mwisho wa mwezi wa tisa. Nataka nimfungie kikuba."

Kwa ninyi mliozaliwa huku: kikuba ni kifungu kidogo cha asumini na rehani na maua mengine ya harufu, anachobandikwa mwanamke kwenye nguo, karibu na kifua. Bibi harusi wa pwani hunukia kabla hajaonekana. Nikamshauri Bi Rehema aagize kwa wauza maua.

"Ya kununua ninaweza kununua. Changu mimi mama alinifungia kwa maua ya uani kwake, alikwenda kuyachuma mwenyewe." Akaokota kitunguu kimoja, akakirudisha. "Huyu mtoto nimemlea kwenye baridi. Kiswahili anakisikia, anajibu Kiingereza. Chakula changu anachagua. Simlaumu, ndiko alikokulia. Lakini siku anayotoka kwangu atoke na kitu kimoja kilichoota kwangu. Kimoja tu, kaka."

Nilisahau rangi, nikasahau na baridi. Hapa siku ilikuwa imetajwa, na ilikuwa siku isiyoweza kusogezwa.

Nikampeleka kwenye boksi la chini kabisa ambalo hakuna aliyelinunua. Ni jamaa ya gladiola, vitunguu vidogo vyenye nywele kama kifuu cha nazi. Majani yake kama panga, ua jeupe lenye moyo wa damu ya mzee, linainama kama linaona haya, na jioni linanukia. Bwana Sadru alikuwa akiapa kwamba linaota lenyewe kwetu, kuanzia Uhabeshi kushuka kusini, na kwamba aliliona kwenye vilima vya Iringa alipokuwa mdogo.

"Linanukia kama asumini?" akauliza.

"Hapana. Lakini linanukia."

Akanunua boksi zima. Nikamweleza asipande mpaka mwisho wa Mei, nikamweleza na habari ya mlango wa roshani. Akasema, "Mimi sina roshani, kaka, nina ardhi." Alikuwa akiishi Lawrence Heights, nyumba yenye kiwanja kidogo mbele na kidogo nyuma, na hilo neno ardhi alilitamka kama mwenye shamba la mkonge. Nilimwona anavyolitazama wingu dirishani, nikakisia litakalotokea. Wiki ile ikanyesha.

Jambo jingine nililofundishwa na Bwana Sadru: mteja mwenye tarehe, mwekee akiba. Kwa hiyo kabla ya kumfungia boksi lake nilikuwa nimebakiza konzi moja ya vitunguu, na Mei nikavipanda kwenye mabeseni mawili ya plastiki, nikayaweka sebuleni karibu na dirisha. Mama Neema aliyaruka yale mabeseni kila akienda jikoni.

"Miaka yote hii hujaniletea ua moja," akasema, "leo unaniletea shamba."

"Si lako. Ni la harusi ya watu."

"Ndiyo maana limemwagiliwa."

Mwezi wa sita Bi Rehema akarudi dukani na mfuko wa nailoni. Hakuusogeza, aliuweka tu kaunta na kutazama pembeni. Ndani mlikuwa na uji wa kahawia.

"Nilingoja vichomoze," akasema. "Mwishowe nikafukua. Kaka, mvua ile ilikuwa nzuri sana."

Ningemsema. Lakini mtu aliyepanda kana ndani ya friji hana mdomo. Nikamwambia, "Hata mimi ilinidanganya, dada." Vitunguu vipya vilikuwa vimekwisha dukani, na hata vingekuwepo, kupanda mwezi wa sita ingekuwa kuomba maua ya Oktoba. Nikamwambia nitamletea vilivyokwisha kuota. Maneno hayo yalinitoka kabla sijakumbuka kwamba kuleta maana yake ni kutoka nyumbani siku yangu ya mapumziko.

Niliazima kigari cha sokoni cha Mama Neema, kile cha magurudumu mawili, nikapakia mabeseni, nikaingia treni ya chini ya ardhi na majani yakinichoma puani. Stesheni ya St. George nikabadilisha treni, na hapo mzee mmoja wa Kireno akanipisha kiti. Nilipotaka kukaa akasema hapana, kiti ni cha mimea.

Aliyenifungulia mlango alikuwa Salha mwenyewe, nywele zimefungwa juu, simu mkononi. Akanitazama, akatazama kigari.

"Anko, wewe ndiye wa vitunguu?" Hilo lilikuwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Kwa Kiingereza akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ameshaagiza waridi, kwamba mama anajisumbua, na kwamba hivyo vikuba alivyoviona kwenye picha vinaonekana kama saladi.

Bi Rehema alikuwa nyuma yake na alisikia yote. Akapokea beseni na kulipeleka uani.

Nikampa masharti: aviache ndani ya mabeseni, ili baridi ikija mapema aviingize jikoni. Akaitikia vizuri sana. Nilipoondoka tu akavitoa vyote na kuvipanda chini, maana beseni kwake ni la kufulia, na watu wa mabeseni ni sisi wa ghorofani. Nilikuja kulijua hilo Agosti, alipopiga simu kuniuliza dawa ya kindi waliokuwa wakifukua dahlia za vyungu alizochukua dukani mwezi wa sita pamoja na kana. "Wanakaa kabisa mbele yangu, kaka, wanapiga magoti kama wanakula biriani." Nikamwambia atandaze wavu wa kuku juu ya udongo. Kisha nikauliza habari za mabeseni. "Yako salama," akasema. "Yana nguo."

Majira ya joto mwaka ule yalikuwa ya uvivu, joto halikutaka kuja. Mimi, ambaye sikupenda kutoka hata kutupa takataka, nikaanza kusimama roshani kila asubuhi kupima hewa kwa mkono. Kana za Bi Rehema zilipita dirisha, dahlia zikawaka nyekundu upande wa barabara, watu wakapiga picha. Zile nyeupe za harusi zikasimama na majani yake ya panga bila shina la ua. Shina likaja Septemba. Matumba yakatokea, yakabaki yamefunga mdomo. Wiki ya harusi upepo wa kaskazini ukashuka, na redio ikatangaza baridi kali kwa Ijumaa usiku.

Alhamisi nikampigia. "Dada, kata sasa. Kata mashina yenye ncha zilizoanza kuonyesha weupe, weka kwenye maji ya uvuguvugu, sehemu yenye joto. Yatafungukia ndani."

"Nikate ua lililofumba?"

"Ndiyo."

"Na yasipofunguka?"

Nilitakiwa kusema yatafunguka. Nikasema, "Yakibaki nje, hayafunguki. Hilo ninalijua."

"Nimeshayaua mara moja kwa mikono yangu," akasema. "Siwezi, kaka. Acha yabaki, Mungu anajua." Akakata simu.

Nilikaa kwenye kiti changu na chai ikapoa. Mama Neema akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, ni maua tu. Akaja kuipasha ile chai bila utani wowote, na kwa Mama Neema hiyo ni salamu ya rambirambi.

Kesho yake mchana, dukani, Bwana Sadru akaniita kwenye simu. "Mwanamke. Anataka anko wa vitunguu."

Alikuwa Salha. Nilisikia upepo kwenye simu, alikuwa nje.

"Anko, nikate wapi? Chini au juu?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Ndani. Analia, anajifanya anakatakata vitunguu. Vya kula." Akahamia Kiingereza, haraka, kama mtu anayetoa kitu mfukoni asiulizwe: kwamba tangu Agosti alikuwa akishuka kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kuangalia kama limefunguka hata moja. Kwamba mama hajui. Kisha akarudi, polepole, "Mimi nilisema saladi. Alisikia, si ndiyo?"

"Alisikia."

"Nikate wapi, anko?"

Nikamwelekeza: kisu kikali, si mkasi, maana mkasi unabana shina. Kata kwa mshazari, acha majani manne chini ili kitunguu kipate chakula cha mwakani. Usikusanye mkononi, laza kwenye taulo. Maji ya uvuguvugu, sukari kidogo. Weka jikoni, mbali na moto, karibu na mvuke. Bwana Sadru alikuwa amesimama pembeni akijifanya anapanga mbegu. Nilipoweka simu akauliza, "Siku gani?"

"Kesho."

Akapuliza hewa mdomoni. "Bwana, ungemwuzia waridi."

Mimi harusini huwa siendi. Mama Neema huenda na kuniletea sambusa kwenye karatasi. Jumamosi ile niliamka nikavaa suti, naye akakaa mlangoni kunitazama kama anayetazama jengo likihama. Tulifika kwa Bi Rehema wakati wa kumvalisha bibi harusi, na wanaume tukaachwa sebuleni. Niliogopa kuuliza habari za maua. Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa, mtu akapita na sinia la vikombe, na nyuma ya harufu ya pilau na hiliki ikaja nyingine, nyembamba, ya baridi kidogo.

Bi Rehema akatoka na bakuli la maji. Juu yake yalielea maua meupe, machache sana, yangeenea kwenye kiganja. Mashina mengine yote yalikuwa bado yamefumba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Halinukii kama asumini," akaniambia.

"Nilikwambia, dada."

"Lakini linanukia." Akakaa sakafuni, akayafunga na rehani ya chungu cha dirishani, uzi mweupe, vidole vinakwenda vyenyewe. Salha akaja akiwa na nguo yake nusu imefungwa nyuma, akainama mbele ya mama yake ili afikiwe kifua. Sisi wengine ghafla tukawa na shauku kubwa ya kutazama kapeti.

Ua lile haliishi muda mrefu likishafungwa. Mpaka saa ya picha lilikuwa limelegea na kugeuka rangi ya karatasi. Mpiga picha, kijana mpole, akasogea akitaka kulitoa. Salha alikuwa na waridi zake mkononi, nzuri sana kwa kweli. Akampa zile waridi azishike, kisha akafunika kikuba kwa kiganja.

"Hiki usikiguse," akamwambia, kwa Kiswahili, mtu ambaye hakujua Kiswahili. Alielewa.

Oktoba, baada ya umande ulioganda kuchoma majani, Bi Rehema alifukua vitunguu vile kama nilivyomwelekeza: kutikisa udongo, kukausha ndani, kuhifadhi pakavu pasipoganda. Kila kitunguu kilikuwa kimezaa vitoto chini yake. Akagawa mafungu matatu: lake, la Salha aliyehamia ghorofani kama mimi, na langu. Nilimwambia sina ardhi. Akasema, "Una mabeseni," na kunirudishia yote mawili, yamefuliwa.

Ninayo hadi leo, karibu na dirisha, Mama Neema anayaruka. Na kila Aprili, mvua ikianza kupiga kioo, simu inalia.

"Anko, mvua imeanza. Nipande?"

"Mlango wa roshani uko wazi?"

"Nimevaa soksi mbili."

"Basi bado."

Na nyuma yake nasikia sauti ya Tanga, ya mtu aliyekuja kumtembelea binti yake na kukaa karibu na dirisha: "Mwambie anko wako mvua yenyewe ni nzuri sana!"